Bandama la Mwikali

Wanangu, kabla hujamgusa tumbo mtoto mwenye homa, pasha mikono yako moto. Isugue, iweke kwapani, shika kikombe cha chai, fanya utakalo, lakini usimguse na mikono baridi. Tumbo likishtuka linakaza, na likishakaza halikuambii kitu. Hilo nilifundishwa wiki yangu ya kwanza katika wadi ya bandama kule Kitui. Mpaka leo, nikiwa mstaafu ninayemwagilia matikiti maji hapa Kibwezi, nikisalimiwa na mtu kanisani huwa nausikiliza kwanza mkono wake kama una joto.

Walioniomba niandike ni vijana wa kanisa letu wanaosomea uuguzi na famasia. Wanasema siku hizi dawa huja ikiwa imeshapimwa huko ilikotoka, imo ndani ya pakiti pamoja na karatasi yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Wanataka kujua sisi tulijuaje kwamba dawa fulani inafaa kutumiwa hospitalini kwetu. Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hatukujua. Jibu refu ni habari ya Mwikali.

Lakini niueleze ugonjwa wenyewe kwanza, maana wengi wenu mmeuona vitabuni tu. Madaktari wanauita kala-azar. Sisi tuliuita ugonjwa wa bandama. Unaletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu anayejificha kwenye nyufa za vichuguu vya mchwa. Watoto wachungaji hupenda kukaa juu ya vichuguu jua likipungua, ili wawaone mbuzi vizuri, naye usubi huwauma bila hata kupiga kelele. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Mikono na miguu ya mtoto inakonda huku tumbo likijaa, kwa sababu bandama, kiungo ambacho mtu mzima wa afya hata hajui kama anacho, linavimba chini ya mbavu za kushoto likishuka mpaka kitovuni na kupita. Asipotibiwa, hufa.

Tiba yetu ilikuwa sindano ya matakoni kila siku, mwezi mzima na wakati mwingine zaidi. Ilikuwa inauma. Nilijifunza kuishika chupa kiganjani ipate joto, kubadilisha upande kila siku, kusukuma dawa polepole, na zaidi ya yote kutomdanganya mtoto. Ukimwambia haitauma, umeharibu kazi ya mwezi mzima kwa siku moja. Kesho utamkuta chini ya kitanda.

Mzee wa stoo ya dawa alikuwa Bwana Athman. Watu wake walikuja kutoka pwani zamani kufanya biashara, yeye akazaliwa palepale Kitui mjini, lakini ulimi wake haukuhama. Kiswahili chetu sisi Wakamba kilimtia uchungu. "Sista Ndinda," aliniambia siku moja, "Kiswahili chako kina changarawe, kama mchele usiochaguliwa." Alisema kweli. Nilikuwa nimemwambia mgonjwa mmoja, "Meza hii tembe mara tatu," naye akaenda dirishani kwa Bwana Athman kuuliza, kwa heshima kabisa, atawezaje kumeza tembe moja mara ya pili.

Basi huyo Bwana Athman alikuwa na desturi moja. Mtu akija kumsifia dawa mpya, awe daktari au wale vijana wenye mikoba waliokuja kutugawia kalamu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walioitumia wakapona, nimewasikia. Na wale ambao hamkuwaona tena?" Wengi walikunywa chai yao haraka wakaaga.

Mwikali aliletwa na babu yake, Mzee Nzioka, kutoka upande wa Mutomo. Mama yake alikuwa amefariki, baba alikuwa kibarua Mombasa na habari zake zilikuja kwa nadra. Mtoto alikuwa na miaka tisa au kumi. Mzee alijua tu kwamba alizaliwa mwaka ambao mvua haikunyesha, na kwetu miaka kama hiyo ni mingi. Tumboni alikuwa na chale za mganga, mistari midogo iliyopangwa vizuri juu ya uvimbe. Sikumlaumu mzee. Kila mtu huanza na kile kilicho karibu naye.

Wadi yetu ya bandama ilikuwa ya watoto, na kila mtoto alilala na mama yake. Akina mama walipomwona mwanaume mzima akitandika mkeka kando ya kitanda walianza kunong'ona. Mmoja akanifuata. "Sista, sisi tutanyonyesha vipi huyu baba akiwa hapa?" Nikamweleza mzee. Hakubishana. Aliugeuza mkeka wake, akawa anakaa akiangalia ukuta, na kila alipotaka kugeuka alikohoa kwanza ili watu wajipange. Alikaa hivyo siku nyingi, mgongo kwa wadi nzima, akiongea na mjukuu wake bila kumwona. Mwishowe akina mama wenyewe wakamhurumia. "Geuka, baba, shingo itavunjika."

Alipogeuka akakuta wanasuka viondo, vile vikapu vyetu vya katani. Alitazama tu kwa muda. Halafu nikamkuta siku moja naye amekunja suruali, anasokota katani juu ya paja lake kama wanawake wanavyofanya. Nilisimama. Akaniambia kwa ukali kidogo, "Hii ni kamba ya mbuzi." Ikawa kamba ya mbuzi ndefu sana, na baadaye ikawa na duara, na duara likaanza kupanda kuta. Hakuna aliyethubutu kuliita kiondo mbele yake.

Siku ya kwanza nilipompima Mwikali, nilimlaza chali, magoti juu. Sikilizeni hapa, nyinyi mnaosoma. Msianze kulitafuta bandama karibu na mbavu. Likiwa kubwa, mkono wako utakuwa juu yake na utasema hakuna kitu. Anza chini kabisa, karibu na nyonga, kisha panda polepole huku mtoto akivuta pumzi, mpaka ncha yake ije yenyewe kukugonga vidole. Nilipolipata nilichora mstari kwa wino wa zambarau. Mwikali akainua kichwa, akautazama.

"Ndipo linapoishia hapo?"

"Hapo."

"Mimi nataka lirudi ndani."

"Sote tunataka," nikamwambia.

Alimaliza sindano zake, homa ikaisha, mstari ukapanda, akaenda nyumbani amevaa rinda jipya lililoshonwa na mmoja wa wale akina mama. Mavuno hayajafika, akarudishwa amefungwa kwa leso nyuma ya baiskeli, na tumbo lilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Tukaanza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kila Jumatatu nilichora mstari, na kila Jumatatu ulikuja palepale juu ya ule wa zamani. Zamani alilia wakati wa sindano. Sasa aliacha kulia. Wanangu, mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Huyu asiyelia ndiye aliyeninyima usingizi.

Daktari wetu aliitwa Mulwa. Alikuwa kijana mrefu, ameinama kidogo mabegani kama mtu anayeogopa kugonga mlango kwa kichwa. Alituita Bwana Athman na mimi tukakaa juu ya maboksi mle stoo.

"Sindano imeshindwa kwa Mwikali," akasema. "Nikizidisha kipimo nitauharibu moyo wake. Kuna tembe moja inayotumiwa kwa jongo. Kuna watu wameanza kuijaribu kwa ugonjwa huu. Nimewaomba wakubwa Nairobi ruhusa, na wamekubali, mradi tupime kila kitu na jamaa zake wakubali."

Bwana Athman alikuwa na zile tembe kwenye rafu. Alikuwa akizitoa kwa mzee mmoja tu, mwenye bucha. Akauliza lile swali lake, na Daktari Mulwa akajibu, "Sijui, Bwana Athman. Ndiyo maana nataka wetu tusiwapoteze." Mzee wa stoo akaitikia kwa kichwa, akaanza kuzihesabu.

Kumwambia Mzee Nzioka ndiyo iliyokuwa kazi. Daktari alivuta stuli, akakaa karibu na mkeka. Akina mama wote wakaacha kusuka.

"Jongo ni nini?" mzee akauliza.

"Ni ugonjwa wa viungo. Kidole gumba cha mguu kinavimba. Huwapata sana watu wanaokula nyama nyingi na kunywa."

Mzee akamtazama mjukuu wake, mikono kama vijiti vya kiberiti. "Daktari, huyu alionja nyama Krismasi. Mnampa dawa ya walioshiba?"

Wadi nzima ikacheka, na Mwikali pia, mara ya kwanza tangu arudi. Daktari Mulwa alicheka kisha akaeleza. Alisema vile vijidudu vilivyomo ndani ya bandama huiona dawa hiyo kama chakula chao, vikaila, kisha vikashindwa kujijenga.

"Ni mtego," akasema mzee.

"Ni mtego."

"Umeuona ukinasa?"

Hapo daktari alikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema ndiyo. Siku zile hakuna mtu angemuuliza. "Sijauona," akasema. "Nimesoma kwamba wengine wameujaribu. Mimi mwenyewe, kwa mtoto kama huyu, sijaona."

Mzee Nzioka alimfunika mjukuu wake miguu. "Nimetembea kwa waganga watatu na zahanati mbili," akasema. "Wote walijua. Wewe ndiye wa kwanza usiyejua. Mpe."

Tembe tulizisaga tukazichanganya na uji, kwa kuwa zilikuwa chungu na kubwa. Ukisaga dawa, wanangu, suuza kikombe kwa uji mwingine na mtoto anywe hayo masuuzo, la sivyo nusu ya dawa hubaki ukingoni na wewe utasema dawa ni hafifu. Na mpime mtoto asubuhi kabla hajala. Mtu wa zamu nyingine alimpima mmoja baada ya sahani ya muthokoi, mahindi na maharagwe yaliyoshiba maji, tukadhani bandama limerudi kwa kishindo. Wadi nzima ilihuzunika mpaka mtoto alipokwenda chooni.

Na Mwikali akaanza kupona. Homa ilipungua. Mstari ulipanda, kidole kimoja, kisha kingine. Alishuka kitandani mwenyewe. Daktari Mulwa alipopita asubuhi alianza kwa kitanda chake badala ya kuanza mlangoni kama desturi, na Bwana Athman, ambaye hakuwa na kazi yoyote wadini, alikuja na sababu za ajabu ajabu, mara anatafuta kalamu, mara anauliza saa, na saa yenyewe amevaa.

Kisha asubuhi moja nilimgusa paji la uso nikajua kabla ya kipimajoto. Siku chache baadaye mstari ukaanza kushuka. Tulingoja, tukaongeza dawa kadiri tulivyoruhusiwa, lakini hapakuwa na la kubishania. Mtego ulikuwa umenasa wachache, na waliobaki walikuwa wameujua.

Daktari Mulwa alikaa kwenye kitanda cha Mwikali, jambo ambalo metroni alikuwa ametukataza sote. Ni mzee aliyemwambia, "Daktari, ulisema hujui. Sasa unajua. Endelea kutafuta."

Nami nilikwenda stoo nikalia kati ya maboksi. Bwana Athman hakunibembeleza. Alinipa kitambaa, akaniambia, "Ukishamaliza, kaeni na daktari muandike kwamba imeshindwa, na imeshindwa vipi. Kuna Mwikali mwingine mahali fulani anakaribia kupewa tembe hii hii peke yake." Watu hupenda kuandika dawa iliyofaulu. Ile iliyoshindwa wanaificha kama sufuria iliyoungua, na jirani anakuja kuunguza yake vilevile.

Jaribio la pili lilikuja na dawa ya zamani zaidi, ya maradhi ya tumbo, ambayo watu waliinywa kutibu amiba na kuhara. Sasa walikuwa wakiichoma sindano kwa wagonjwa wa bandama, sambamba na ile sindano yetu ya kawaida. Daktari Mulwa alipata kiasi cha kumtosha mgonjwa mmoja. Lakini dawa hii, ikipita kwenye damu badala ya tumboni, ilikuwa na tabia mbili mbaya. Ingeweza kuumiza figo, na ingeweza kuchukua masikio, mtu asisikie tena.

Hayo yote tulimwambia Mzee Nzioka, na Mwikali akiwepo. Mzee aliuliza, "Kuchukua kabisa?"

"Inaweza. Tutampima kila siku, na tukiona dalili tutasimama."

Mzee alishika sikio lake mwenyewe. "Haya yangu yamezeeka. Huyu ndiye anayesikia kengele za mbuzi wakienda mbali. Ndiye anayeniambia wako wapi." Akaliachilia. "Lakini mbuzi wa maiti hawachungwi. Anzeni."

Figo nilizipima kwa mkojo. Tuliuchemsha kwenye neli ya kioo juu ya moto wa spiriti, na kama ukigeuka mweupe kama ute wa yai, kuna shida. Haukugeuka. Masikio tuliyapima kwa saa ya Bwana Athman, ile ya kutia ufunguo, iliyokuwa na mlio mdogo mkali kama panzi. Mwikali alifumba macho, nikamshikia saa nyuma ya sikio moja kisha jingine, nikiirudisha nyuma kidogo kidogo, naye akiinua kidole mradi anaisikia. Mzee Nzioka alitaka kupimwa pia. Tulimpima. Alifumba macho, akainua kidole, akakiweka juu hivyo hivyo hata nilipokuwa nimeshairudisha saa kwa mwenyewe. "Bado naisikia," akasema. Mwikali alicheka mpaka akashika mbavu.

Dawa hizo mbili zilifanya kazi. Sijui niwaambieje ilivyokuwa. Homa ilikatika kama kamba. Mtoto alidai chakula, akala cha kwake akamalizia cha babu. Bandama lilirudi nyuma hata nikawa natafuta ncha yake kwa shida, na Jumapili, wachungaji wa kanisa walipokuja kuomba wadini, akaimba pamoja na akina mama.

Kozi ilikuwa imekaribia mwisho nilipomshikia saa nyuma ya sikio la kushoto na kidole chake hakikuinuka. Nikaisogeza. Hakikuinuka. Nikaigusisha kwenye nywele. Akafumbua macho akaniuliza, "Sista, mbona huanzi?"

Nilimwita daktari. Alirudia mwenyewe. Sikio la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa bado linasikia mtu akiongea, lakini ile sauti nyembamba ilikuwa imekwenda. Daktari Mulwa alitaka kuikata dawa papo hapo, kama tulivyoahidi. Mzee Nzioka alisimama, na sikuwahi kumwona amesimama mbele ya daktari.

"Siku zilizobaki ni chache! Mkiacha na ugonjwa urudi, tutakuwa tumepoteza sikio bure."

"Na nikiendelea na la pili likienda, baba? Hataweza kusoma shule."

"Shule hufundisha walio hai."

Walikuwa wote wawili wanasema kweli, na hiyo ndiyo shida ya kazi hii ambayo hakuna karatasi ya ndani ya pakiti itakayowaeleza. Tulisahau kwamba mwenye sikio alikuwa anatutazama.

"Daktari," akasema Mwikali, "nikiacha hii dawa, hili sikio litarudi?"

"Sijui."

"Na nikiacha, tumbo litarudi?"

"Hilo pia sijui."

"Asi! Kumbe hujui kitu chochote."

Akina mama walishika midomo. Daktari Mulwa alianza kucheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Kisha akampigia magoti pale kitandani. "Ninachokijua ni kimoja. Hii dawa mpya imeanza kukudhuru. Ile sindano yetu ya zamani haijakudhuru. Nataka kuiacha hii na kuendelea na ile, kisha tuangalie. Wewe unasemaje?"

Mwikali alimtazama babu yake, akatazama tumbo lake. "Ile ya zamani ndiyo inayouma?"

"Ndiyo hiyo."

"Sawa," akasema. "Lakini Sista Ndinda ndiye anichome, siyo yule mwingine."

Tukafanya hivyo. Mwishoni daktari alichota tone kutoka ndani ya bandama, kwa sindano ndefu ambayo mpaka leo sipendi kuizungumzia, akakaa na darubini asubuhi nzima. Alitoka akasema hajaona mdudu hata mmoja. Hakusema amepona. Alisema hajaona. Mzee Nzioka alielewa tofauti hiyo kuliko wengi waliosoma. Waliondoka wakiwa wamebeba vitu vyao ndani ya ile kamba ya mbuzi, iliyokuwa sasa na mishikio miwili ya ngozi.

Walipaswa kurudi kliniki baada ya miezi kadhaa. Siku ilifika, hawakuja. Mwezi uliofuata hawakuja. Daktari aliandika barua kwa chifu, hakujibiwa. Bwana Athman alinipitia wadini, akasimama na mikono nyuma. Hakuhitaji kuniuliza. Nilijua anataka kuniuliza nini.

Gari la hospitali lilipopata nafasi, mimi na dereva tulikwenda. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Bomani kwa Mzee Nzioka hapakuwa na mtu. Moto wa jikoni ulikuwa majivu baridi na mlango umefungwa kwa waya. Nilikaa kwenye kivuli cha ghala. Mama jirani akaja na dumu kichwani. "Unamtafuta Nzioka? Wako mtoni, wanachimba."

Mto ulikuwa mchanga mtupu, kama ilivyo mito yetu. Niliona shimo, na mtoto wa kike amenipa mgongo, anachota maji kwa kibuyu. Nikaita kwa mbali, upepo ukinipinga, "Mwikali!" Hakugeuka. Nikaita tena. Wanangu, kwa kitambo hicho nilifikiri mambo mengi. Mzee Nzioka alitoa kichwa shimoni, akaniona, akamgusa mtoto begani, upande wa kulia, akaelekeza kwa kidevu.

Alikuja mbio akipandisha mchanga. Miguu yake ilikuwa na nyama. Alilala chali palepale mchangani, akakunja magoti bila kuambiwa, nami nikasugua viganja vyangu, ingawa jua lilikuwa limeshavipasha vya kutosha. Nilianzia chini nikapanda polepole. Nilifika mbavuni. Nikarudia. Hapakuwa na kitu cha kunigonga vidole.

"Kwa nini hamkuja?" nikamuuliza mzee, na sauti yangu ilikuwa na hasira kuliko nilivyotaka.

"Nauli," akasema. "Halafu nilisema, akiumwa nitauza mbuzi nimlete. Hakuumwa." Akaona bado nina uso mgumu. "Sikujua kwamba mnahitaji kumwona hata akiwa mzima."

Hilo lilikuwa kosa letu, si lake. Hatukuwa tumemwambia. Tulikuwa tumemweleza habari ya figo na masikio na jongo, tukasahau kumweleza kwamba mtu aliyepona naye ni habari.

Nikamuuliza kuhusu sikio. Lilikuwa limebaki vilevile. "Zamani alikuwa akiniambia mbuzi wako wapi," akasema. "Sasa sote wawili hatujui kengele zinalia upande gani. Tunakwenda kuwatafuta pamoja." Alisema hivyo kama mtu anayetaja faida, si hasara.

Haukupita mwaka kabla mama mmoja kutoka Zombe hajaleta mwanawe, bandama limefika kitovuni, sindano zimeshashindwa. Wakati huo dawa ile ya pili ilikuwa inaanza kupatikana, na Daktari Mulwa alikuwa amepunguza kipimo chake kidogo na kupanga masikio yapimwe asubuhi na jioni, kwa sababu ya yale tuliyoyaona. Alinituma mimi nikazungumze na mama, kwa Kikamba. Aliniuliza kile anachouliza kila mzazi.

"Mmeshampa mtu yeyote?"

"Tumempa mtoto mmoja," nikasema. "Amepona. Nilimpima mwenyewe akiwa nyumbani kwao. Lakini dawa ilichukua sehemu ya sikio lake la kushoto, na halikurudi. Inaweza kumtokea na wako. Hatutarajii, lakini inaweza."

Akampapasa mwanawe nywele. "Huyo mtoto anaitwa nani?"

Sheria zenu za leo zingenikataza kumjibu, na ni sheria nzuri. Siku ile nilimwambia.

"Mwikali," akasema yule mama. Akalirudia polepole, kama mtu anayejifunza jina la shemeji mpya, ili asilikosee siku wakikutana. Kisha akamlaza mwanawe chali, akamvua shati.